Kabla Hakijatoka Tanurini

Julai, Mwanjelwa. Ukungu wa Loleza umeshuka hadi kwenye vibao vya maduka
na Ambwene amekuja na uvumi kabla ya chai.
"Kizazi cha kumi na tano," anasema, zipu ya koti ikiwa nusu,
"hawatakifyatua wenyewe. Wanampa jirani."
Anasema kama mtu aliyelala sebuleni kwa mkurugenzi.

Mimi nina brashi na kichupa cha spiriti.
Mbele yangu mashine ya karani wa ushirika wa kahawa, Mbozi:
kizazi cha sita, feni imeziba kwa vumbi jekundu na manyoya ya paka.
Inapata moto, inazima. Inapata moto, inazima.
Karani anataka hesabu za msimu kabla ya Ijumaa.

Kizuri chajiuza, walisema wa kale;
hiki kinajitembeza mwaka mzima kabla ya mimba.
Kina picha tayari. Kina maadui.
Kina jamaa mmoja wa Soweto aliyekwisha kukopa kwa ajili yake.
Ambwene, ambaye hawezi kukaa bila kalamu,
ameandika kwenye boksi la chaja:

     Wamesema ni mbili tu, kipimo cha nanomita,
     Wengine kwamba ni tatu, namba huwa zinateta,
     Jiko hilo ni la watu, mpishi ni wa kupita,
     Nasi kwa makoti yetu, twangoja tusichopata.

Mama yangu alichoma matofali Ilomba.
Elfu sita yanaingia tanurini.
Siku ya kubomoa udongo wa nje hasemi na mtu.
Mia nane yamepasuka. Mwaka mwingine elfu mbili.
Idadi aliiandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa jiko
wala hakuwaambia waliomkopesha.

Kwa hiyo Ambwene akisema kwamba kwenye sahani moja ya silikoni
nusu tu ndizo hutoka nzima,
na kwamba ndiyo maana kampuni imenyamaza,
namwelewa kuliko anavyojielewa.

Akisema sasa watakata chipu vipande vidogo
waviunganishe, ili kikiharibika kimoja utupe kimoja,
naweka brashi chini.
Mama alifika hapo mwaka wa mvua nyingi.
Kulikuwa na mteja wa Forest, anataka matofali mapana, ukuta upande haraka.
Akamrudishia fedha yake, akarudi kwenye kalibu ndogo.
"Pana likipasuka limepasuka lote."
Hakuna aliyevujisha habari zake.

Lakini yeye hakuwahi kumpa jirani tanuri.
Au, nakumbuka sasa, alimpa. Mara moja, alipougua mapafu.
Matofali yalirudi mazuri kuliko yake,
rangi moja, yakigongwa yanalia kama kengele,
na juu yake alama yake ileile, tundu la kidole gumba.
Siku hiyo hakula.

Hilo simwambii Ambwene. Namwuliza tu:
"Na wale wa kiwanda cha zamani, wanaokijua kila kishindo chake,
wanakwenda wapi?"
Anapekua simu. Anapekua tena.
"Hilo bado halijavuja."

Napaka uji wa kijivu mgongoni mwa kizazi cha sita,
punje moja, kama dawa ya jicho la mtoto.
Nabana skrubu nne kwa mkingamo.
Umeme unakatika.

Tunakaa gizani, pumzi zetu zinaonekana.
Ambwene anaendelea kukisia: Septemba.
Hapana, Januari, Septemba ni danganya toto.
Watapandisha bei. Watashusha kwanza, halafu watapandisha.
Nje mtu anasukuma toroli la viazi, gurudumu linalia,
naye hajui kwamba dunia inangoja kitu.

Umeme unarudi. Feni inaguna, inasita, inazunguka.
Digrii arobaini na moja. Arobaini na moja bado.
Ambwene anainama kuangalia, kwa mara ya kwanza asubuhi hii,
kitu kilichopo.

Karani atafika saa tisa.
Nitamtoza elfu kumi na tano.